Faraja ya Benchi la Mwisho

Kikombe cha yule mwanamke hakikuwa na kitu. Katika chumba cha kukamulia maziwa cha wodi ya watoto njiti, kila mama aliinamia kikombe chake, na yule wa benchi la mwisho alikamua kama wenzake, akafunika, akashusha pumzi. Lakini ndani mlikuwa mkavu kabisa. Mama mmoja, mke wa mwashi, aliliona hilo, akadhani ni haya ya mama ambaye maziwa yamemgomea, akageukia kikombe chake.

Huyu mke wa mwashi alikuwa fundi cherehani aliyejifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Mwanawe alilala ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mpira puani, mdogo kiasi kwamba wauguzi walimbandika jina la Kidole, naye akawa Mama Kidole. Wakimwita hivyo alicheka, kisha akaenda msalani kulia.

Yule mwanamke ndiye aliyembembeleza. Alinukia udongo uliolowa, lakini sauti yake ilikuwa laini na alikuwa na muda. Alimwuliza kama amekula. Alimwambia akapumzike, wauguzi wapo.

"Usimzoee sana, mwenzangu," alimnong'oneza. "Ukishamzoea utaumia mara mbili."

Maneno yale yalimlegeza mwili mzima. Usiku huo alilala fofofo. Kulipokucha hakuingiza mkono kwenye tundu la sanduku kumgusa mtoto. Alichungulia kutoka mlangoni, akarudi benchini. Baadaye hata kuchungulia akaacha. Maziwa yakapungua, yakawa matone. Naye Kidole akaanza kusahau kupumua: mashine ililia, muuguzi akamsugua nyayo, akakumbuka, na baada ya kitambo akasahau tena.

Aliyeshtuka ni mshauri wa wazazi, muuguzi wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na akina mama wa wodi ile. Alimkuta mchana mmoja akizungumza peke yake, akamwuliza anaongea na nani.

"Na huyu hapa." Mama Kidole akageuka. Benchi lilikuwa tupu, na ukuta nyuma yake umetota umbo la mgongo wa mtu aliyeegemea.

Mshauri hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaketi, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba yule ni jini, yumo tangu jengo likiwa jipya, na hajawahi kumgusa mtoto hata mmoja. Humtafuta mzazi aliyejitenga, akamfariji mpaka mzazi amwache mtoto kwa miguu yake mwenyewe. Waganga walishakuja kumfukiza. Alikohoa tu, akaendelea kukaa.

"Anajificha kwenye lile usilomwambia mtu," mshauri alisema. "Hujamwambia mtu nini, mwanangu?"

Mama Kidole alifungua kinywa, na harufu ya udongo ikaja nzito, ikamjaa puani na kooni, na kitu baridi kama kiganja kikamtanda midomoni, kikambana taratibu, kwa upole uleule wa siku zote, huku sauti aliyoizoea ikimwambia sikioni anyamaze, alale, hakuna atakayemwelewa, mpaka akalitoa neno kama mtu anayetapika.

"Namwogopa. Nikimtazama sioni mwanangu. Naona msiba unaopumua."

Mshauri alimwambia kwamba waliolisema hilo chumbani humo hawahesabiki. Alimwongoza kwa mkono mpaka kwenye sanduku, akamtoa Kidole, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Tangu siku ile yule mwanamke hakuonekana tena benchini, na maziwa yakarudi.

Lakini hakuna aliyekuwa ameketi na baba mtu kumsikiliza. Mwashi alitoka kazini, akaleta chakula, akaketi kwenye benchi la barazani nje ya wodi, na kila aliyepita alimwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Jioni moja mkewe alimfuata nje, akamkuta ametulia kupita kiasi.

"Kuna baba mwenzangu hukaa nami hapa," mumewe alisema polepole. "Mtu mpole sana. Kanishauri nijiandae, msiba usije ukatushtukiza. Basi nimeshachimba. Shimo dogo tu, nyuma ya nyumba."

Kucha zake zilikuwa na udongo mbichi.

Mkewe hakulia wala hakumlaumu. Alimshika mkono akamvuta, naye mwashi akawa mzito kana kwamba kuna mwingine anamvuta kwa nyuma, akavutwa hivyo ukumbini kote mpaka kwenye sinki, akasuguliwa vidole kimoja kimoja, akafunguliwa vifungo vya shati, akakalishwa, na Kidole akawekwa juu ya kifua kile kipana.

"Nitamvunja," alisema. "Mikono hii imezoea matofali. Tangu siku ya kwanza naogopa nitamvunja."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza. Mtoto alipanda na kushuka na kifua kile, na mashine haikulia tena.

Shimo walilifukia pamoja kesho yake, wakalishindilia kwa miguu. Mshauri naye akaanza kukaa na akina baba pia.

Juma lililofuata, Mama Kidole akiwa dirishani na mwanawe kifuani, alimwona kijana mgeni barazani, baba wa mtoto aliyeletwa asubuhi. Kijana alikuwa anajisogeza pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake akae. Aliitikia kwa kichwa, akasikiliza, akatabasamu kidogo.

Mama Kidole alimkabidhi mwanawe kwa muuguzi, akatoka. Upande wa pili wa benchi ulikuwa umelowa. Akaketi papo hapo, juu ya ule unyevu, akamwuliza kijana mtoto wake anaitwa nani.