Chupa ya Kamba Nyekundu

Huko Kisegi, kabla jua halijatoka vizuri, Dolphine alikuwa ameshateka maji, amefagia uwanja, na sasa anaosha vyombo. Alianza na vya mdogo wake, Liz. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: vya Liz kwanza, maji yakiwa bado safi, halafu vya wengine. Sufuria ndogo, mwiko, kijiko, sahani na chupa ya mafuta. Kila kimoja kimefungwa kamba nyekundu, ile ya kushonea nyavu. Hata jogoo wa pale, jeuri mmoja aliyekuwa anafukuza mpaka ng'ombe, alishapigwa kandambili kwa kudonoa ile sahani.

Si ati Liz alikuwa anadekezwa. Huyo mtoto aliteseka. Miaka miwili tumbo limefura kama la mtu aliyeshiba, kumbe mikono ni vijiti tu. Anaharisha, anatapika, amefika miaka saba na bado anavaa nguo za mtoto wa miaka minne. Watu wakasema ni minyoo. Wengine wakasema mambo ambayo hayafai kurudiwa. Mwishowe daktari mmoja mjini Homa Bay akampima damu, akapima na utumbo, akasema ni ugonjwa wa siliaki. Ngano inaumiza matumbo yake. Dawa yake si tembe. Dawa ni asile ngano tena maisha yake yote, hata chembe.

Sasa fikiria. Mama yao, Risper, kazi yake ni kukaanga mandazi. Unga wa ngano ndio uliowanunulia mpaka yunifomu! Basi karai la mandazi likahamia kwenye kibanda cha nje, na mama akawa ananawa mpaka viwiko kabla ya kumshika Liz. Dani Emmah, yaani nyanya yao mzaa baba, yeye akachukua kazi ya uji. Wimbi alilima mwenyewe, akachagua punje kwa punje, akasaga kwa jiwe, maana kwa mashine ya posho watu wanasaga na ngano humo humo. Liz akanywa huo uji, akaanza kunenepa. Akaanza hata kucheka.

Jumamosi moja mama alienda Ndhiwa kununua mahindi. Akamwambia Dolphine, "Samaki wa Liz ni huyo. Chupa yake imeisha. Shika pesa hizi, nenda dukani mapema ulete mafuta mapya. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na kweli alisikia. Lakini njiani akamkuta rafiki yake Lynnet na wenzake wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wa makaratasi unavyomvuta mtoto, wewe mwenyewe unajua. Aliposhtuka, jua lilikuwa utosini na duka limefungwa. Mwenye duka ameenda mazishi.

Nyumbani Liz analia njaa. Dani ameenda shambani kupalilia. Lynnet, aliyekuwa amemsindikiza Dolphine, akachungulia kibandani.

"Wewe nawe! Si mafuta imejaa kwa karai?"

"Hiyo ni ya mandazi. Mama atanichinja."

"Ataonaje? Ikichemka, kila kitu inakufa. Samaki ni samaki."

Dolphine akayachuja yale mafuta kwa chujio la chai. Vipande vya unga vilivyoungua vikabaki juu ya wavu. Akayatazama: yanang'aa. Akakaanga samaki kwa sufuria ndogo ya Liz, halafu mafuta mengine akayamimina ndani ya chupa yenye kamba nyekundu, ili mama akirudi aikute imejaa.

Liz akaisogeza sahani karibu. Kabla hajagusa, akauliza kama alivyofundishwa, "Ni ya kamba nyekundu?"

"Eeh. Kula."

Akala mpaka mkia.

Jua halijazama, Liz alikuwa amejikunja kwenye mkeka, anatapika na kuharisha. Mama alirudi akatupa gunia hapo hapo mlangoni.

"Amekula nini?"

"Uji asubuhi, na samaki mchana," Dani, aliyekuwa ameshatoka shambani, akajibu.

"Dolphine, mafuta ulinunua?"

"Nilinunua." Na chupa ikawa imekaa pale, imejaa.

Mama akamgeukia Dani. "Basi ni hilo wimbi. Mama, nisamehe, lakini macho yako hayaoni vizuri siku hizi. Pengine punje ya ngano iliingia. Uji wacha nipike mimi."

Dani aliinuka. Akachukua kopo lake la unga, akatoka polepole, akaumwagia kuku. Jogoo akafika wa kwanza. Dolphine akaona kopo la unga linabaki tupu, akaangalia kando.

Jumapili asubuhi Liz hakutaka kitu. Uji wa mchele akausukuma. Ndizi akaisukuma. "Itaniuma," akasema, midomo imekauka. Ule uji uliomponya ndio ulikuwa umesingiziwa, sasa mtoto angeamini chakula gani?

"Nikukaangie yai kidogo, nyathina, mwanangu," mama akambembeleza. Akachukua sufuria ndogo. Akachukua chupa ya kamba nyekundu, akafungua kifuniko.

"Mama, usimimine!"

Dolphine alishtuka kusikia ni sauti yake. Akaweka zile pesa za mafuta mezani, akaeleza yote: mchezo, karai, chujio, chupa. "Dani hajakosa. Ni mimi."

Mama alikaa chini kama aliyepigwa. "Ngano haichujwi na chujio la chai, Dolphine. Wala moto hauiui. Daktari alituambia sisi wote!"

Kisha akatoka, akapiga magoti mbele ya Dani. "Nimekukosea, Mama."

"Inuka. Tuna mtoto wa kulisha," Dani akasema.

Mafuta yalimwagwa shimoni, chupa ikatupwa, sufuria ikasuguliwa na mchanga na sabuni mara tatu, mwiko wa mti ukachongwa mwingine. Dolphine akasaga wimbi kwa jiwe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Dani alikaa kando yake anachagua punje.

"Dani, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Unga tutasaga mwingine. Lakini sikiliza. Liz hawezi kuona kilicho ndani ya mafuta. Hata mimi siwezi. Alitazama uso wako tu, akakuamini. Mtu akila kwa neno lako, hilo neno liwe safi kuliko sahani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajashika chupa tena."

Uji ulipoiva, Dolphine akampelekea Liz. Mtoto akaushika, akamtazama dada yake kwa muda mrefu. Akauweka chini bila kuuliza habari ya kamba.

Dolphine hakumwambia ale. Alimshika mkono, akamketisha jikoni karibu na jiwe, akamwonyesha wimbi, akamwonyesha sufuria, akamwonyesha mwiko mpya na kamba yake. Moja moja.

Ndipo Liz akanywa.