Nani Kaandika Kuhusu Kicheche?

Mshonaji na mumewe walifuga vicheche wawili, wanyama wadogo wa manyoya wenye miili mirefu. Mmoja aliitwa Soksi, maana alikuwa mwizi wa soksi. Wa pili, mwembamba, aliitwa Uzi. Walilala pamoja kwenye kikapu chini ya cherehani.

Mshonaji alipougua mafua, Soksi naye akaanza kupiga chafya. Mshonaji alitafuta ushauri kwenye simu. Mtu fulani alikuwa ameandika: "Mpe kidonge cha watu, nusu tu." Akampa. Kulipokucha, Soksi alikuwa amekufa.

Sasa Uzi naye alipiga chafya, na chakula hakukigusa. Mshonaji alikata tamaa kabisa.

"Mke wangu, twende kwa daktari wa mifugo," mumewe alisema.

"Yule ni wa ng'ombe na mbwa. Nimeshaua mmoja. Niache!"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini huyu bado anapumua. Vaa viatu."

Daktari alimpima Uzi. Kisha akasema wazi, "Mama, vicheche siwajui vizuri. Ngoja nisome."

"Hata daktari hajui," mshonaji alimnong'oneza mumewe.

Daktari alifungua kitabu kinene. Alisoma polepole. Kisha akampigia simu mwalimu wake wa chuo ili ahakikishe.

"Kitabu hiki ni kipya," alisema. "Kimeandikwa na madaktari wa wanyama. Kinamhusu kicheche mwenyewe, si paka."

"Kinasemaje?"

"Kicheche huambukizwa mafua na watu. Na dawa za watu zinaweza kumuua."

Mshonaji aliangua kilio. "Nilimwambukiza mimi, nikamuua mimi!"

"Pole, mama. Aliyeandika kwenye simu ni nani?"

"Sikuuliza."

"Basi siku nyingine uliza. Ni daktari wa wanyama? Anamzungumzia mnyama huyuhuyu? Aliandika lini? Halafu njoo kwangu kabla ya kumpa dawa yoyote."

Nyumbani, mshonaji hakumsogelea Uzi. Mumewe ndiye aliyemlisha chakula laini na maji, kama daktari alivyoelekeza. Mshonaji alitazama kutoka mlangoni, kitambaa puani, bila matumaini.

Lakini Uzi alianza kula. Hatimaye akapona.

Alipotoka kikapuni, alizunguka nyumba nzima akimtafuta Soksi. Alichungulia chini ya kitanda, akachungulia ndani ya viatu. Kisha akaja kusimama mbele ya mshonaji, akamtazama.