Vijiko Viwili vya Maziwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi bomba hufungua bomba la uani na kusikiliza. Akisikia hewa tu, anajua leo simu zitalia. Mkewe humtania kwamba anatengeneza mabomba ya mtaa mzima, ila lao la jikoni linavuja tangu mwaka jana.

Siku hiyo hapakuwa na wa kumtania. Mkewe alikuwa hospitali, siku ya pili tangu ajifungue. Uchungu ulichukua muda mrefu, na mtoto alizaliwa kimya. Wauguzi walimsaidia kupumua kwa dakika kumi. Hatimaye alilia. Huko nje koridoni baba yake naye akalia, wala hakuona haya.

Sasa mtoto alikuwa wodi ya watoto wachanga, anaongezewa maji kwa mshipa. Daktari aliagiza asipewe kitu chochote mdomoni. Bibi yake, mama wa fundi, hakulipenda agizo hilo. Alikuwa amelea watoto saba.

"Kupumua anapumua, kulia analia," aliwaambia fundi na mkewe, wote wakiwa kando ya kitanda cha mtoto. "Kilichobaki ni nini?"

Fundi aliona mama yake anasema kweli. Akaamua kumwomba daktari awaruhusu warudi nyumbani.

Kabla hajaenda, mpiga picha wa hospitali aliingia akisukuma mashine ya altrasaundi. Fundi aliuliza kama mionzi haitamuunguza mtoto. Mpiga picha akamweleza kwamba mashine hiyo haina mionzi, inatumia sauti ambayo masikio yetu hayaisikii. Alipaka jeli kwenye utosi, akatazama ubongo. Hakuona uvimbe wala damu iliyovuja. Fundi akashusha pumzi, lakini mpiga picha akahamia tumboni.

"Si umeona kichwa kiko salama, dada?"

"Kichwa tutakirudia. Dalili nyingine huchelewa kuonekana. Kwani wewe unafanya kazi gani, kaka?"

Fundi akamwambia.

"Maji yakipungua kwenye jengo kubwa, unafanyaje?"

"Nafunga ya bustani na ya kufulia, ili ya kunywa yasikatike."

"Basi mwili wa mtoto nao hufanya hivyo. Oksijeni ikipungua, damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo. Figo na utumbo hupata kidogo sana. Tazama, figo hii inang'aa kupita kawaida. Na ukuta huu wa utumbo umevimba. Utumbo wenyewe umeumia. Ukipewa maziwa mapema, unaweza kutoboka."

Fundi aliusogelea ukuta ule kwenye kioo cha mashine. Maji yakirudi baada ya mgawo, yeye hufungua koki polepole, maana yakiingia kwa mpigo bomba hupasuka. Alilijua hilo miaka ishirini, lakini hakuwahi kulihusisha na mwili wa mwanawe.

Bibi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Akatoa mkobani kijiko cha chai kilichofungwa kwenye leso.

"Nilimpa asubuhi," alisema bila kumtazama mtu. "Vijiko viwili. Maziwa ya mama yake, aliyoyakamua."

Mama wa mtoto alijifunika uso. Fundi alikasirika, kisha akakumbuka alichotaka kumwomba daktari.

"Asante kwa kusema, mama," mpiga picha alisema. "Ungenyamaza, tungechelewa."

Akamwita daktari palepale. Mtoto aliwekewa mrija mwembamba puani wa kutoa kilichomo tumboni, akaanzishiwa dawa. Kila siku walimpiga picha, na kila nepi yake ilipimwa uzito ili wajue kama figo zinatengeneza mkojo. Mama yake alikamua maziwa kila baada ya saa tatu, yakawekwa kwenye friji ya wodi. Zilikuwa siku ngumu. Hakuna aliyemlaumu bibi kwa sauti, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku ya saba ukuta wa utumbo ulikuwa umerudi kuwa mwembamba. Figo hazikung'aa tena, na nepi zilikuwa nzito. Daktari alisema mtoto ataendelea kuja kliniki, waangalie anavyokaza shingo na anavyofuata vitu kwa macho, kwa sababu hali ya ubongo huchukua muda kujulikana. Lakini maziwa sasa aanze, kidogokidogo.

Muuguzi alileta maziwa. Mama wa mtoto alimtazama mkwewe, aliyesimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Njoo umpe wewe, mama."

Bibi alisogea. Kabla ya kugusa chochote, alimgeukia muuguzi.

"Nimpe kiasi gani?"