Mtandao Wafika Chumbani kwa Mama

Kila Ijumaa baada ya sala, Kouraichia alimpelekea mama yake simu kitandani. Mama Echata alikuwa amevunjika nyonga, na chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya nyumba yao ya mawe huko Mangarivotra, mjini Mahajanga, Madagaska. Mwanawe wa kiume, Msa, alikuwa mpishi hotelini Andilana, kisiwani Nosy Be. Alipiga simu ya video ili waonane.

Lakini picha iliganda, na sauti ikakatika kabla ya salamu kwisha.

"Ananikatia," mama alisema kwa Kikomoro, lugha ya kwao, akageukia ukutani. "Hana nafasi na mimi."

Kouraichia alijua si kweli, ila maneno yale yalimkaa moyoni. Akanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, akakichomeka kando ya kitanda. Taa yake iliwaka nyekundu. Hali haikubadilika.

Akamwita jirani yake Charifa, mwalimu wa kompyuta. Charifa aliuliza kwanza iko wapi ruta, yaani kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani. Ilikuwa sebuleni, ndani ya kabati la chuma, isije ikaibiwa. Charifa alieleza kwamba chuma huzuia mawimbi, na kuta nene huyapunguza. Wakaitoa, wakaiweka juu ya rafu, mahali pa wazi. Kisha Charifa akakichomoa kile kifaa cha chumbani.

"Hiki hakitengenezi mtandao, dada," alisema. "Kinaupokea na kuupeleka mbele. Ukikiweka mahali ambapo mtandao haufiki, kitapeleka nini?"

Walitembea na simu mkononi kutoka sebuleni, wakitazama alama za mtandao. Katikati ya korido zilikuwa bado nyingi. Hapo wakakichomeka, na taa ikawa kijani. Charifa alisema kama isingetosha, wangevuta waya hadi chumbani, maana waya haujali ukuta. Mwisho walibadilisha neno la siri la mtandao lililotoka na ruta kiwandani, ili mtu asiyehusika asiingie.

Ijumaa iliyofuata picha ilitulia. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Msa, mbona unauficha mkono wa kulia?"

Msa akauinua mbele ya simu. Ulikuwa umefungwa bendeji. Mafuta ya moto yalimuunguza jikoni, naye hakutaka kuwatia hofu.

Mama hakumgombeza. Alimwambia ausogeze mkono karibu na simu, akaanza kuusomea dua, polepole, mpaka mwisho.