Nati Nilizokaza Mtu Akiwa Ndani

Haya hayakunitokea mimi. Yalimtokea jirani yangu na mkewe, watu wa nyumba ya tatu kutoka gereji yangu. Ila mikono iliyokaza nati ni yangu, kwa hiyo sina pa kujificha, na nimechoka kusimulia nusu nusu.

Mimi ni fundi wa miguu ya magari. Shokapu, springi, bushi, huu ni mwaka wa thelathini na moja. Injini siijui na sitaki kuijua. Magoti yangu yameisha kabla ya magari ya watu, na siku nyingi nikishalala chini ya gari huwa natafuta kwanza sababu ya kuinuka.

Jirani mwenyewe alifundisha hesabu hadi alipostaafu, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu, hata wale aliowachapa. Mkewe mimi namwita shemeji. Figo zake ziligoma, na kwa miaka minne Mwalimu amempeleka hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Kila wakifika, nesi humpandisha kwanza kwenye mizani. Shemeji akiwa hana maji ya ziada mwilini ana kilo hamsini na nane. Kinachozidi hapo ni maji, na mashine hupangwa iyatoe. Mizani ikidanganya, mashine nayo inadanganyika. Mwalimu alinieleza hayo mara nyingi mno, kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto mzito wa kuelewa.

Gari lao dogo lilikuwa limechoka kuwashinda wote wawili. Shokapu niliwawekea, bushi nilibadilisha, lakini bodi yenyewe ilikuwa imelegea. Likipita kwenye shimo, linajinyonga, milango inalia, na shemeji kule nyuma anashika kiuno na kufumba macho. Alikuwa halalamiki, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi.

Asubuhi moja Mwalimu alikuja na gunia begani. Ndani mlikuwa na vyuma vitatu vya kukazia bodi. Kimoja hupita juu ya injini na kuunganisha shokapu ya kulia na ya kushoto, kingine hufanya hivyo hivyo ndani ya buti, cha tatu ni bapa, hukaa chini ya tumbo la gari. Havikuwa vya kampuni iliyotengeneza gari. Vilikuwa vya kuiga, tena vilivyokwisha tumika, rangi nyekundu imepakwa juu ya kutu. Alivipata kwa bei ya chee kwenye rundo la vipuri vya magari yaliyovunjwa.

"Vitasaidia?" aliniuliza.

"Mashimo havitaziba, Mwalimu. Ila bodi haitajinyonga tena."

"Basi funga. Tukitoka hospitali nakuletea gari."

Sasa, kuna sharti moja la vyuma hivi, na hakuna mahali limeandikwa. Gari lisimame kwa matairi yake manne, sakafu iwe sawa, na ndani kusiwe na mtu. Hata mkoba unatolewa. Chuma cha namna hii hushika bodi kama kilivyoikuta. Ukikikaza gari likiwa limeelemewa upande mmoja, umelifundisha kuelemewa.

Walifika alasiri. Shemeji alikuwa amelala kiti cha nyuma, upande wa kushoto, paji la uso kwenye kioo, baada ya saa nne za mashine. Nilimwambia Mwalimu mkewe ashuke, kazi yenyewe haichukui muda. Akamtazama, akanitazama mimi.

"Fundi, nakuomba. Usimwamshe."

Siku hiyo nilikuwa nimeshalala chini ya magari matatu. Mgongo ulikuwa unawaka. Nitasema ukweli: nilijiambia kilo hamsini na nane ni kitu gani, tena sitini hazifiki. Nikapiga kazi. Nilifunga cha mbele, nikafunga cha chini, nikamalizia cha ndani ya buti. Nilipokaza nati ya mwisho shemeji alishusha pumzi ndefu usingizini. Nikadhani ameota jambo zuri, nikafunga buti, nikanawa mikono.

Siku tano baadaye Mwalimu alikuja gereji akicheka, jambo ambalo kwake ni adimu. Alisema gari linateleza. Shemeji analala njia nzima, kwenda na kurudi, na sasa wakikaribia nyumbani anamwomba wazunguke kwa njia ndefu. Nilivimba kichwa kidogo. Mtu ukifanya kazi ya kulala chini miaka yote hiyo, sifa huzipati kila siku.

Wiki moja baada ya kuvifunga nilipita mbele ya nyumba yao nikaliona gari limeegeshwa, tupu, limezama nyuma upande wa kushoto. Nikajua springi imekatika. Nilichuchumaa nikapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi. Kulia viliingia vinne. Kushoto viwili. Nikaingia chini, nikaishika springi kwa mkono. Ilikuwa nzima, haina hata ufa.

Siku tatu baadaye kushoto kiliingia kidole kimoja.

Vyuma vya kukazia bodi havibebi uzito. Uzito ni kazi ya springi, na springi zilikuwa nzima zote nne. Niliomba dumu la maji la lita ishirini nikaliweka kiti cha nyuma upande wa kulia. Gari likakaribia kusawazika. Nilibaki nimesimama pale, mikono kiunoni, kwenye jua la saa sita.

Mwalimu alitoka ndani akanikuta hivyo. Hakuuliza nafanya nini. Alinipa kadi ya hospitali ya mkewe, kidole chake kikiwa kwenye safu ya uzito. Hamsini na nane. Hamsini na nne. Arobaini na tisa. Arobaini na tano. Arobaini na moja.

"Mizani wamebadilisha mara mbili," alisema. "Wagonjwa wengine wote inawasoma sawasawa."

"Amekonda kiasi hicho?"

"Ingia umwone."

Hakuwa amekonda. Alikuwa amevimba. Miguu ilijaa kama mito, pete imezama kidoleni, pumzi anaivuta kwa vipande. Mwalimu alinieleza pale pale mbele yake, kama anayetoa hesabu ubaoni, ila sauti ilimkatika katikati. Mizani inasema mgonjwa amepungua, basi daktari hathubutu kumtoa maji. Maji hayatolewi, basi yanajaa. Yakifika kwenye mapafu, ndiyo mwisho. Daktari amewapa siku mbili, tatu.

Shemeji aliinuka kunisalimia. Nikautazama mto wa kochi alipokuwa ameketi. Haukuwa umebonyea.

Tulitoka nje. Uani kwao ni mchanga. Nyayo za Mwalimu zilionekana, na zangu pia. Za shemeji, aliyetufuata hadi uani, hazikuwepo.

"Kakifungue," Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini. "Chochote ulichokifunga, kakifungue leo."

Nilijua jinsi ya kufanya, na sijui nilijuaje. Kilichofungwa akiwa ndani kingefunguliwa akiwa ndani. Jioni hiyo hiyo, saa kumi na moja, gari lilikuwa sakafuni kwangu na shemeji amekaa pale pale, kushoto, kichwa kwenye kioo. Alipoingia, gari halikutikisika. Mwalimu alikwenda kusimama ukutani na kutugeuzia mgongo. Nilifungua boneti, kisha nikaenda dirishani kumwambia tunaanza.

Alikuwa anapumua vizuri. Uso umetulia kama wa mtu aliyetoka likizo.

"Fundi," alininong'oneza. "Usifungue."

Nikainama karibu na kioo.

"Humu ndani sichoki. Miaka minne sijui kutochoka kukoje. Kila safari naacha kidogo hapa kitini, na kila nikishuka nakuwa mwepesi. Kimebaki kidogo tu. Niachie nimalize."

Jamani, mimi ni fundi wa shokapu. Mambo kama hayo hakuna aliyenifundisha namna ya kuyajibu. Nikiri kwamba kwa muda nilimwelewa kabisa. Nilielewa kwa magoti yangu. Nilitaka kuifunga ile boneti, nikae kiti cha mbele, tuzunguke kwa njia ndefu wote wawili.

Nikamwonyesha mumewe kwa kidole. Basi. Mwalimu, mtu wa kupiga pasi hata soksi, alikuwa amevaa shati nje ndani, mshono wa mgongo ukionekana. Hakuwa anajua.

Shemeji alimtazama muda mrefu.

"Huyu naye amechoka," alisema. "Tena kuliko mimi. Haya, fungua kabla sijabadili mawazo."

Nilianza na cha mbele. Nati sita, zote zilitoka kwa shida ingawa nilizipaka grisi mwenyewe. Kisha cha chini. Nilipokuwa nimelala chini ya kiti chake bodi ilitoa mlio, na vumbi la kutu likaniangukia machoni. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea.

Kikabaki cha ndani ya buti.

Kukifikia kile lazima uingize kichwa na mabega ndani. Uso wangu ulikuwa nyuma ya kiti alichoegemea. Kati yetu kulikuwa na sponji na kitambaa. Nilimsikia anapumua. Taratibu. Kwa kina.

Nikafungua nati ya kwanza.

Nikafungua ya pili.

Pumzi zilikuwa mbili.

Nilisimamisha spana. Nikabana pumzi yangu, nikidhani ya pili ni yangu. Bado zilikuwa mbili. Moja ya mtu mzima. Nyingine fupi, ya haraka, chini zaidi. Usawa wa mapaja yake.

"Shemeji," nilinong'ona. "Uko na nani?"

"Fungua, Fundi."

Spana iliteleza mara mbili. Nati ya mwisho ililegea yenyewe, ikazunguka, ikadondoka. Gari likainuka. Kushoto, polepole, vidole vinne vyote, na mtu akiwa ndani. Shemeji akapiga ukelele mmoja.

"Uzito!" alisema. "Jamani, uzito!"

Mwalimu alifika mlangoni kabla yangu. Tulimshusha wote wawili, akalemea mabegani mwetu kama gunia la mchanga, na viatu vyake vikaacha alama sakafuni. Mwalimu alilia kwa furaha bila kujificha. Mimi pia nililia, ila nilikuwa naangalia kiti. Hakikuwa na kitu.

Hospitali walimpokea usiku huo huo. Mizani ikasoma mbali juu, daktari akapata pa kuanzia, na kwa siku nne mfululizo wakamtoa maji. Uvimbe ukaisha. Mapafu yakawa safi. Pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Alipona, na kwa hilo nashukuru mpaka leo, sitaki mtu aseme sikushukuru.

Ila mizani iligoma kushuka chini ya sitini na tano. Kilo saba zilibaki. Walimpiga picha, wakampima damu, wakajaribu kutoa maji zaidi, na akaanza kukakamaa misuli kwa sababu hapakuwa tena na maji ya kutoa. Daktari akasema labda amenenepa. Mwalimu, mtu wa hesabu, akakubali.

Wiki iliyopita Mwalimu aliumwa mgongo, akaniomba nimpeleke mkewe mimi. Ndiyo sababu nayasema haya leo. Niliingia naye hadi chumba cha mashine, nikimbebea shuka lake na chupa ya maji. Nesi wa siku hiyo ni mama mtu mzima, naye ana uchovu wake machoni. Alimtazama shemeji, akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umekunjwa kifuani. Nilikumbuka kwamba tangu siku ile sijawahi kuuona umenyooka.

"Haya, mama," nesi alisema kwa sauti ya kawaida, akishika kalamu. "Kama kawaida yetu. Mlaze kwanza."

Shemeji aliinama juu ya kitanda. Aliinama polepole sana, mkono mmoja chini, mwingine ukishikilia juu yake kidogo, akaachia. Akapanda mizani, ikasoma sitini. Nikatoa mbili, maji ya siku mbili bila mashine. Hamsini na nane. Nesi akaandika sitini, akaenda kuandaa mashine. Hakunitazama.

Mimi nilikuwa natazama kitanda. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, limekazwa pembe zote. Katikati lilikuwa limebonyea, mahali padogo, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Na pale pa kubonyea palikuwa panapanda na kushuka.

Saa nne baadaye alimnyanyua, na shuka likarudi kuwa bapa. Tuliondoka. Gari halina vile vyuma sasa, linajinyonga kama zamani, milango inalia, na mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili nisiangalie kioo cha nyuma. Tulipofika kwenye mashimo niliongeza mwendo, nikitaka tufike tu.

Nikaguswa bega kutoka nyuma. Mikono ya shemeji yote miwili ilikuwa mapajani, nikaiona kwenye kioo.

"Taratibu, Fundi," shemeji alininong'oneza. "Unamwamsha."