Kidoti Kilichopita Columbus Bila Kusimama

Nina miaka ishirini na saba. Nimesomea takwimu hadi shahada ya pili, na kazi yangu ni kutafuta ukweli ndani ya namba. Lakini ukweli uliokuwa ndani ya nyumba yangu... huo sikuuona!

Niiteni Kerubo. Mimi ni Mkenya. Mume wangu, Mugisho, ni Mkongomani wa Kivu aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Amerika. Tulifunga ndoa katika kanisa dogo la Buffalo, miaka mitatu kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia.

Nilipomaliza masomo chuoni Columbus nilipata kazi ya utafiti pale pale, kwa hiyo nikabaki huko. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na chuo pamoja na Mkenya mwenzangu, Achieng. Mugisho alibaki Buffalo, katika nyumba yetu ya Riverside, akifanya kazi kwenye ghala moja kule Cheektowaga. Kati yetu ni saa tano na nusu kwa gari. Tulikuwa tunaonana mara mbili kwa mwezi.

Mugisho si mtu wa mbwembwe. Ndoa yetu ilipotimiza mwaka mmoja, mimi nilimnunulia saa na kumwandikia kadi ya kurasa mbili. Yeye alinibadilishia matairi ya gari, akanawa mikono, akalala! Mwaka wa pili alinipigia simu. Akasema, "Leo ni leo, hapana?" Nikamjibu ndiyo, leo ni leo. Akaniuliza, "Umekula?"

Basi. Sherehe ikawa imekwisha.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa hofu iliyonishika mwaka wa tatu, aliponiambia bila kuulizwa, "Kerubo, mwaka huu tutafanya feti. Jumamosi ile usipange kitu. Kuko kitu ninataka uone."

Mke mwingine angefurahi. Mimi nilikaa kitandani nikiwa nimeshika simu. Mtu asiyefanya sherehe anaanzaje kufanya sherehe? Anataka nione nini? Kwa nini hakusema "nataka kukupa"?

Nikaanza kukumbuka mambo.

Gauni langu la bluu la kanisani lilikuwa limepotea kabatini kule Riverside. Nilipomuuliza alisema, "Litaonekana." Kisha siku moja aliniomba nimtafutie picha ya bima ya gari kwenye simu yake, nikakutana na picha nyingine. Ilikuwa ya gauni la kitenge cha zambarau, halijakamilika, limetundikwa mlangoni katika nyumba nisiyoijua. Gauni la mwanamke! Niliifunga simu kana kwamba imeniunguza. Sikuuliza. Nilinyamaza, na ule unyamavu ukaanza kunila.

Halafu kukaja kile kidoti.

Majira ya baridi tulikuwa tumeunganisha simu zetu ili kila mmoja aone mwenzake yuko wapi, kwa sababu ya barabara za theluji. Nadhani Mugisho alisahau. Jumamosi moja asubuhi nilifungua ramani nikaona kidoti chake kimetoka Buffalo. Kimeipita Cleveland. Kinateremka kuja Columbus!

Anakuja kunishtukiza! Nilifagia chumba, nikaoga, nikakanda unga wa chapati. Kidoti kikaingia mjini. Kikakaribia. Nilisimama dirishani na unga mikononi...

Kikapita.

Hakikusimama hata dakika moja. Kilinipita kwa maili chache tu, kikaendelea kusini. Nilimpigia, nikamuuliza yuko wapi. Akasema, "Niko na kazi, mke wangu. Nitakupigia." Nilisikia upepo wa barabara kuu. Saa tatu na nusu baadaye kidoti kilisimama Louisville, Kentucky, kwenye mtaa wa nyumba za kupanga. Kilikaa pale hadi Jumapili.

Ndugu msomaji, ungefanya nini? Mimi nilichora jedwali. Nilianza kuandika tarehe, saa ya kutoka, saa ya kufika. Safari nne ndani ya miezi miwili! Achieng alinikuta nimeinamia kompyuta, akacheka hadi akashika ukuta. "Wewe, hiyo shahada ya wivu unaimaliza lini? Si umpigie tu umuulize?"

Alisema kwa mzaha, lakini lilikuwa neno la busara kuliko yote niliyosikia mwaka ule. Sikulifuata. Niliogopa jibu! Nilijiambia kwamba nikiuliza atasema ndiyo, na akisema ndiyo, nimekwisha.

Badala yake, nilimpigia maraine.

Wakongomani wakifunga ndoa huwa na wasimamizi wawili, mume na mke, wanaowaita parene na maraine. Kwetu Kenya, wasimamizi wakishapiga picha na kula keki, kazi yao imekwisha. Nilidhani ni hivyo hivyo. Nilimpigia Mama Furaha, maraine wetu, kama mtu anayempigia shangazi kulia kidogo. Nilimweleza yote, gauni, picha, kidoti, Louisville. Nikasema, "Mama, nadhani Mugisho ana mwanamke mwingine."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Bon. Umefanya vizuri kuniambia mie, haukuendea barafiki. Tutakuya."

"Mtakuja wapi, Mama?"

"Kwenu. Mie na parene. Na Baba Mdogo, juu maneno ya ndoa hatuikate bila famille ya bwana. Ni siku gani beye bote wawili mutakuwa ku nyumba?"

Nikamtajia, kwa ujinga wangu, siku pekee ambayo tungekuwa pamoja. Siku ya sherehe yetu!

Kesho yake nilimpigia kumsihi aache. Nilisema nimekosea, nilikuwa na uchovu, naomba yaishe. Maraine alinihurumia, lakini hakutikisika. "Mwanangu, maneno ikishafika kwa maraine hairudiake mufukoni. Na Baba Mdogo nimeshamwambia."

Baba Mdogo ni mdogo wa marehemu baba yake Mugisho. Ndiye aliyemlea Mugisho kambini na kumleta Amerika. Ni mzee mpole anayetembea polepole, na katika ukoo wao neno lake ndilo la mwisho. Kuhusu mambo ya nyuma, vita na kukimbia, Mugisho hakuwahi kunieleza zaidi ya sentensi mbili. Nilijua tu kwamba Baba Mdogo alimpoteza bintiye wa pekee njiani, akiwa na miaka minne.

Nilifika Riverside Ijumaa. Jamani, nilikuta nini? Mume wangu, mtu wa matairi, amefagia hadi ngazi za nje! Ametundika maputo matatu juu ya televisheni. Sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, iko jikoni, samaki wameshatiwa ndimu. Alikuwa akiimba! Aliponiona alitabasamu kama mtoto, akasema, "Kesho utaona."

Nilitaka kumwambia. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara tatu niliufunga.

Jumamosi saa sita mchana kengele ililia. Mugisho alifungua mlango akakuta parene, maraine na Baba Mdogo, wote wamevaa nguo za kikao. Uso wake ulibadilika. Aliwakaribisha, akawapa viti, lakini nilimwona akitazama saa. Kisha dirisha. Kisha saa tena.

Nami niliwaza, maskini mimi, kumbe ni kweli! Huyo mwanamke anakuja hapa hapa!

Maraine alifungua kwa sala. Akasema ndoa ni shamba, na mwenye shamba akisikia kishindo lazima aende kuangalia. Akasema wamesikia kwamba bwana anaenda Louisville kila mara na bibi hajui. "Sasa, mutoto yetu, ambia bazazi yako. Louisville kuko nani?"

Mugisho hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Kerubo... ni wewe umewaita?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Leo?" akauliza. "Na Baba Mdogo?"

Hakuwa na hasira. Lilikuwa jambo baya zaidi ya hasira. Mume wangu alikuwa anaogopa! Alisimama, akasema kwa haraka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naomba wote mutoke. Tutaongea kesho, Baba Mdogo, nakuomba, kesho nitakuja kwako na magoti..."

"Kuna mutu unangoja?" Baba Mdogo aliuliza taratibu.

Kengele ikalia.

Mugisho alikimbilia mlangoni, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi. Niliufungua kwa nguvu, nikiwa tayari kumwona adui yangu.

Alikuwa mwanamume. Mrefu, mwembamba, mwenye mvi chache ingawa hakuwa mzee. Alivaa shati la kitenge cha zambarau, kitambaa kile kile cha kwenye picha. Mkononi alikuwa na kifurushi. Uso wake... ulikuwa uso wa mume wangu!

"Shemeji?" alisema, akitabasamu kwa haya. "Mie ni Byamungu, mukubwa wa Mugisho."

Nyuma yangu kiti kilianguka.

Baba Mdogo alikuwa amesimama. Alimtazama yule mtu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Mutoto wangu iko wapi?"

Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Nilikupatia mukono yake," mzee akasema. "Nilikuambia, usiiachilie. Iko wapi?"

Byamungu alijikunja kidogo, kama mtu aliyepigwa tumboni. Akaweka kifurushi chake sakafuni pale kizingitini, polepole, kwa mikono miwili. Akageuka, akashuka zile ngazi zilizofagiwa.

Mugisho alimfuata na soksi tu kwenye baridi, akiita jina lake barabarani. Gari liliondoka. Alibaki amesimama katikati ya njia hadi jirani mmoja akampigia honi.

Ya zamani nilielezwa jioni ile na maraine, maana mume wangu hakuweza kuongea. Walipokuwa wakikimbia vita, Baba Mdogo alimbeba mgongoni mama mgonjwa wa akina Mugisho, akampa Byamungu, kijana wa miaka kumi na sita, mkono wa yule binti. Kulikuwa na watu wengi, na risasi. Mkono ukaponyoka... Hawakumpata tena. Mzee alimwambia, "Siku utaingia nyumba moja na mie, uingie na mutoto wangu." Byamungu akaondoka kambini, na jina lake halikutajwa tena.

Mengine alinieleza Mugisho mwenyewe siku zilizofuata. Alimpata kaka yake Louisville miezi michache kabla ya siku ile, akiishi peke yake, akishona nguo za watu wa kanisa. Ndiyo maana sherehe zetu zilikuwa zinamwia ngumu. Siku ya harusi ukoo mzima ulivaa kitambaa kimoja, na kaka yake hakuwamo kwenye picha. Alitaka tupige picha mpya. Watu watatu, kitambaa kimoja! Alitaka kaka yake aingie kwanza kwa mlango wetu, kisha siku moja, taratibu, afikishwe kwa mzee. Ilimchukua safari zote zile kumshawishi.

Na mimi nilikuwa nimemwalika mzee!

Nilifungua kifurushi peke yangu. Ndani kulikuwa na gauni la zambarau, shati la Mugisho, na chini kabisa gauni langu la bluu lililopotea, limekunjwa vizuri. Alikuwa amelichukua kwa ajili ya vipimo. Nilijaribu lile jipya. Lilinikaa kama ngozi yangu. Nililia hadi nikaishiwa sauti.

Niliwahi kumuuliza Mugisho kwa nini alinipita Columbus bila kusimama. Akasema, "Ningesimama, ungeniuliza naenda wapi. Kwa simu naweza kukuficha. Kwa macho siwezi. Na yeye alinikataza nisiseme mpaka awe tayari."

Hakunifukuza. Hakunitukana. Natamani angefanya hivyo!

Namba ya Byamungu haipatikani. Tulikwenda Louisville wiki iliyofuata, tukakuta chumba kitupu na mpangaji mpya akibeba godoro. Watu wa kanisa wanasema alibeba cherehani yake akahamia jimbo jingine, hawajui lipi. Baba Mdogo naye hajakanyaga kwetu tena. Maraine anasema siku ile alimkuta ndani ya gari akilia na kujiuliza kwa nini hakumwambia Byamungu "keti."

Siku hizi Mugisho akienda kumtafuta, kidoti chake husimama mlangoni kwangu Columbus, nami hupanda gari. Lakini bado naogopa. Naogopa kwamba mahali fulani kuna mtu anayeamini kwamba nyumba yetu ilimwita ili aje ahukumiwe.

Dada zangu, na nyinyi kaka, nawasihi. Kama una shaka na mwenzako, muulize yeye. Muulize jikoni, muulize kwenye gari, muulize huku unalia, lakini muulize yeye kwanza! Mimi nilikuwa na ramani, jedwali na shahada mbili. Nilichokosa ni ujasiri wa swali moja. Ukishawaita wazee huwezi kuwarudisha, na hujui watakutana na nani mlangoni.

Mwaka huu tulitimiza miaka minne. Sikununua kitu. Mugisho alitoka kazini, akaketi mezani, akavua viatu polepole. Mwishowe akasema, "Leo ni leo, hapana?"

Nikasema ndiyo, leo ni leo.

Hakuniuliza kama nimekula. Alinyanyuka akachukua sahani, akaweka tatu.

Kama katika mji wenu kuna fundi cherehani mrefu, mkimya, mwenye shati la kitenge cha zambarau, nawaomba mumwambie jambo moja tu. Mwambieni shemeji yake hakumwita ili ahukumiwe. Mwambieni gauni lilinitosha.