Kidonge Chenye Antena

"Usiisafishe," Gaël alisema.

Adeline aliacha kisu hewani. Miaka sita alikuwa akiuza nyama ya mbuzi katika soko kuu la Bunia, na hakuna aliyewahi kumwomba tumbo lisilooshwa, sembuse kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Papa, na mavi yote?"

"Na mavi yote, mama."

Adeline alicheka hadi kitenge chake cha kijani kikamteleza begani. Gaël alimpenda hapo hapo. Wiki tatu alirudi kununua tumbo kila baada ya siku mbili, na jioni akipiga simu.

"Chérie, ulikula?"

"Nilikula. Na weye, matumbo yote ile, nani anakupikiaka?"

"Hakuna mutu."

Jibu hilo lilimchoma Adeline. Jumamosi alipika sombe ya majani ya muhogo, akaenda kwa Gaël bila kumwarifu. Mlangoni, mbwa wawili walikuwa wakigombania tumbo la mbuzi.

"Gaël! Mama yangu analala na njaa kule kambi ya wakimbizi, weye unalisha imbwa nyama yangu?"

"Ngoja nikueleze…"

"Elezea imbwa!"

Simu zake zote hakuzipokea. Jumatatu Gaël alikuja sokoni, macho mekundu, akaweka kidonge mezani, kidogo kama karanga. Alikuwa mhandisi, alisema, na ndani ya kidonge kuna kipimo cha joto na antena iliyokunjwa. Mgonjwa akikimeza, kitatuma habari kutoka tumboni bila yeye kupasuliwa. Alikijaribu ndani ya matumbo yale yasiyooshwa, yaliyofanana na tumbo la mtu aliyekula, na baada ya siku mbili hayakufaa kuliwa ila na mbwa. Alificha kwa kuogopa kuitwa mchawi.

"Na inatumika?"

"Mu tumbo ya mbuzi, inatumika bien, habari inatoka."

"Mutu iko tumbo tu? Juu iko mafuta, iko nyama, iko ngozi. Ingénieur muzima!"

Gaël alitoa pesa. Alinunua vyote hivyo, akalifunika tumbo navyo, na kweli mawimbi ya redio ya kidonge yakazimika. Mwezi mzima aliikata antena upya, hadi mawimbi yakapita. Kisha akaamua kukimeza mwenyewe.

Adeline alikuwepo, karibu na daktari Lucien aliyekuja kusimamia. Gaël alimeza. Mashine ya kupokea ilikaa kimya. Dakika moja. Mbili.

"Gaël, tapika!"

Ndipo namba ikatokea: nyuzi 37,1. Adeline akaangua kilio.

"Tuoane," Gaël akamwambia.

"Kale kadude katoke kwanza. Sitaki kuwa mujane mbele ya ndoa."

Lucien alisema wazi: kikikwama, watampasua. Siku mbili Adeline hakula. Siku ya tatu, saa sita mchana, simu ililia katikati ya wateja.

"Sema mbio!"

"Kametoka."

Adeline aliketi chini hapo hapo, simu sikioni.

"Basi tuma wazee waniombe kwa mama Jumapili," alisema, "mbele ya kumeza ingine."